Mkanda Uliokaa Msumarini

Jeruto, mjukuu wangu,

Salamu za nini, na wewe uko hapo chumba cha pili unapiga pasi sare zako za kazi? Nasikia pasi ikigonga meza. Umejaza makaa mengi mno, utaunguza kola, lakini leo sisemi kitu. Leo naandika.

Utajiuliza huyu mzee ana nini, mdomo anao, na ni mdomo ambao mtaa wetu mzima wa Pioneer unaujua. Ni kweli. Nimemgombeza chifu mbele ya baraza. Nimemfukuza mchuuzi wa nyama pamoja na mizani yake. Lakini kuna jambo moja ambalo mdomo umelikataa miaka ishirini na mbili, umri wako wote. Nimejaribu. Juzi nilipokuwa nakusuka nilianza, "Jeruto, unajua..." ukasema, "Nini, Gogo?" nikakuambia maziwa yanachemka. Hakukuwa na maziwa motoni. Kwa hivyo nimeshika kalamu, maana kalamu haina maziwa ya kusingizia.

Herufi zangu ni kubwa kama viazi, unazijua. Niliingia darasa la ngumbaru wewe ukiwa tayari uko shule, na mwalimu wetu alikuwa anagonga meza kwa rula, "Mama, laini! Fuata laini!" Sikuifuata laini siku hizo na leo pia sitaifuata. Wewe soma tu.

Habari ya blanketi na chandarua, shangazi yako amekwisha kukuandikia. Kadi ya chama iko ndani ya mkoba pamoja na leseni, wale vijana wa chama wasije wakakusimamisha barabarani wakitafuta sababu. Wanaume wa huko uendako, hayo una akili zako. Mimi nataka kusema habari ya pikapu. Nimekupa pikapu, na nikikuacha uondoke nayo bila kujua ninachojua mimi, basi sijakupa kitu, nimekutega.

Unaenda kufanya kazi ya usista, ya uuguzi, kwenye zahanati iliyo chini kabisa bondeni Kerio, na gari ya zahanati imekufa. Uliniambia mwenyewe hapo mezani, "Gogo, mama akizidiwa na uchungu huko chini, itabidi nimpandishe mpaka hospitali ya Iten na hii yetu." Ukacheka. Mimi nikaingia jikoni, nikasimama natazama ukuta. Unajua kilichokuwa ukutani.

Umekua ukikiona. Mkanda mweusi wa mpira, wa gari, umening'inia msumarini karibu na vibuyu vya mursik, maziwa yetu ya kugandisha. Ulipokuwa na miaka sita uliutoa ukauchezea, ukauzungusha kiunoni ukicheza ngoma, nami nikakuchapa mpaka babu yako akatoka nje ya nyumba. Pengine wewe umesahau. Ulilia, ukauliza, "Kwani ni ya nini, Gogo?" Nikasema, "Ya gari." Ukasema, "Mbona haiko kwa gari?"

Miaka sita, na hilo ndilo swali lenyewe. Sasa nalijibu.

Unajua kwamba ulizaliwa njiani. Jina lako linasema, kila Jeruto amezaliwa watu wakiwa safarini. Unajua ulizaliwa Cheptiret, dukani kwa yule Msomali, na kwamba mama yako Rael alikufa siku hiyo hiyo. Unajua gari iliharibika. Na kwa nini iliharibika, nani alikuambia? Mimi. Nilikuambia fundi mmoja Mjaluo, mlevi, alitufungia mkanda mbovu. Nimewaambia shangazi zako hivyo. Nilisema hivyo kaburini kwa mama yako, watu wote wakisikia.

Ni uongo, Jeruto. Fundi hakuwa mlevi, na mkanda mbovu haukuwa wake. Ulikuwa wangu.

Wakati ule tulikaa shambani, mbele ya Cheptiret, na pikapu ni hii hii, ila rangi ilikuwa bado inang'aa. Babu yako aliuza ng'ombe karibu wote akainunua, tukawa tunabeba maziwa ya majirani mpaka Eldoret. Yeye aliendesha, lakini ufunguo wa sanduku nilishika mimi. Hakuna msumari ulionunuliwa nyumba ile bila mimi kusema ndiyo. Na nilikuwa na kiburi, usifikiri nimekianza uzeeni. Hakuna mwanamke mwingine kilima kile aliyekaa mbele ndani ya gari yake mwenyewe. Nilipanda nikiwa nimevaa viatu, na nikifika sokoni sikushuka mpaka watu wanione.

Fundi wetu aliitwa Owiti. Alitoka upande wa ziwa, akajenga banda lake la mabati pale Cheptiret. Siku moja alikuwa anabadilisha oili, akaniita.

"Mama Rael, kuja uone."

Nikaenda. Alikuwa ameshika mkanda wa feni, ule uliokuwa kwa engine, akaupindua kwa kidole gumba nione upande wa ndani. Ulikuwa na nyufa ndogo ndogo kama kisigino cha mtu asiyejipaka mafuta.

"Inazunguka?" nikamuuliza.

"Inazunguka, lakini..."

"Imekatika?"

"Haijakatika, Mama. Ikikatika, si mimi nitakuita. Wewe ndio utaniita mimi."

Babu yako akacheka. Mimi sikucheka. Nikasema, "Nyinyi mafundi mnapenda kutoa kitu kizima, jioni mnakiuzia mtu mwingine."

Owiti hakukasirika. Alipangusa mikono, akaniambia maneno ambayo yamekaa kichwani mwangu kuliko sala yoyote. "Mama, hii kitu ndogo ndio inazungusha feni, inazungusha pampu ya maji, inazungusha dainamo ya kuchaji betri. Ikienda, zote tatu zinaenda pamoja. Na haitakuambia. Jana ni nzima, leo ni nzima, kesho haiko."

Alikuwa na mkanda mpya bandani, wa saizi yetu. Hata mimi si mjinga, nikaununua. Akachukua spana aufunge. Nikamwambia, "Ngoja. Lete hapa. Tutaufunga huu wa zamani ukikatika."

Usinicheke. Ndivyo tulivyolelewa. Nyumbani kwetu blanketi jipya lilikaa sandukuni mpaka la zamani litoe miguu nje. Mama yangu alikufa akiwa na shuka mbili ambazo hazijawahi kugusa ngozi ya mtu, tukamzika nazo. Kutoa kitu kinachofanya kazi na kukitupa, kwetu hiyo ilikuwa tabia ya watu wavivu, watu wasiojua njaa. Kitu kipya ni cha kuwekwa. Ukiwa nacho kimewekwa, unalala vizuri. Hivyo ndivyo nilivyojua mimi, na hakuna aliyenifundisha kwamba engine haijui habari ya kuwekewa.

Babu yako akasema, "Basi angalau tuuweke chini ya kiti."

Nikasema, "Ili waibe?"

Nikaenda nao jikoni, nikagonga msumari, nikautundika. Na mgeni akija nilimwonyesha kwa kidole. "Ile ni ya akiba. Sisi gari yetu haiwezi kutulaza njiani." Nilisema hivyo kwa mdomo wangu huu. Mkanda ukakaa pale mvua hadi mvua, ukanuka moshi.

Babu yako aliniuliza mara mbili. Mara ya pili tulikuwa tunakamua. Akasema bila kugeuza kichwa, "Mama Rael, kesho niufunge ule mkanda." Nikamjibu, "Siku hizi unamwamini Owiti kuliko mimi?" Akanyamaza. Alikuwa mtu wa kunyamaza, wewe unamjua, na mimi maisha yangu yote nilidhani mtu akinyamaza amekubali. Hilo nalo ni kosa, liandike pembeni.

Mama yako alikuja kwetu kujifungua, maana wewe ulikuwa wa kwanza na baba yako alikuwa kazini kwenye majani chai. Alikuwa na miaka ishirini. Ulikuwa humpi usingizi, unampiga mateke, na yeye anacheka, anasema, "Mama, huyu ni dereva, anakanyaga klachi." Uchungu ulianza asubuhi. Mkunga wa kwetu akamshika tumbo, akanipeleka nje. "Mtoto amekaa vibaya," akasema. "Mpelekeni Eldoret, na mwende sasa." Haikuwa jambo la kuogopa sana. Gari ipo, petroli ipo. Mimi hata nilibadilisha nguo.

Tulikaa watatu mbele, yeye katikati. Mvua ilikuwa inanyesha. Kwenye ule mteremko kabla hujaona mabati ya Cheptiret, taa nyekundu ikawaka mbele ya usukani, na wakati huo huo nikasikia chini ya boneti mlio kama kofi. Babu yako akaenda kidogo, mvuke ukaanza kutoka, akasimamisha.

Alifungua boneti. Nikashuka. Mkanda ulikuwa umelala chini ya feni, umekatika mara mbili. Babu yako aliniangalia. Kisha akaangalia barabara tuliyotoka, ile ya kurudi nyumbani, maili saba. Na mimi nikaangalia huko huko. Sote wawili tulikuwa tunaona ukuta mmoja na msumari mmoja.

Alijaribu kamba ya katani. Ikaungua. Akajaribu tena, ikaungua. Rael alikuwa ameanza kulia kwa sauti ile nyingine, wewe sista unaijua, sauti ambayo si ya maumivu tena. Nikaingia nyuma ya gari, nikafungua leketyo yangu.

Nyinyi wa siku hizi leketyo mnaiona kwenye sherehe. Sisi ule mkanda wa ngozi wenye shanga na simbi mama aliufunga tumboni akishika mimba yake ya kwanza, na hauvuliwi mbele ya watu. Ukitaka kumwapisha mama yeyote wa Kikalenjin, mwambie ashike leketyo. Yangu nilifunga kwa mimba ya Rael. Nikampa babu yako.

"Hapana," akasema.

"Kata."

"Mama Rael, hapana."

"Kata!"

Akaikata urefu, akaipitisha kwenye zile gurudumu za feni na pampu, akafunga fundo. Alipowasha engine, shanga ziliruka kama mtama kwenye kikaango. Ngozi ilivuta. Ilituvuta polepole mpaka tukaona maduka, halafu ikakatika nayo. Rael alitembea hatua za mwisho, mkono mmoja kwangu, mmoja kwa babu yako. Tukaingia mlango wa kwanza uliokuwa wazi.

Mwenye duka alikuwa hayupo. Alikuwepo mkewe, Mama Halima. Hakuuliza sisi ni nani. Alisukuma magunia ya sukari kwa mguu, akatandika, akafunga mlango watu wasichungulie. Wewe ulitoka miguu mbele, ukiwa umekasirika. Ulipolia nilisema tumeshinda.

Lakini damu haikusimama. Khanga zangu ziliisha. Mama Halima akainuka, akavuta jora la marekani kutoka kwenye rafu, jipya, halijakatwa hata mkono mmoja, akalirarua kwa meno. Halafu la pili. Hakutafuta kwanza matambara ya zamani. Hakusema hii ni ya kuuza, hii imewekwa. Alirarua tu. Nilimtazama yule mwanamke, Jeruto, nikiwa nimepiga magoti ndani ya damu ya mtoto wangu, nikajijua mimi ni mtu wa namna gani. Nimekuwa najijua tangu siku hiyo, ila sikutaka wengine wanijue.

Lori la mahindi lilitupakia. Rael alinilalia mapajani, wewe ukiwa kifuani kwangu ndani ya mtandio wa Mama Halima. Kabla ya daraja la kuingia mjini alifungua macho.

"Mama, gari imepona?"

"Imepona," nikamwambia.

Hakusema kingine.

Siku ya maziko Owiti alikuja. Alisimama nyuma, kofia mkononi, na mkewe kando yake. Mimi nilipomwona, kitu ndani yangu kilitafuta mahali pa kwenda. Ama kinile mimi, ama kimle yeye. Nikanyoosha mkono. "Yule pale! Yule ndiye ametuua! Alitufungia mkanda uliooza, pombe kichwani!" Watu wakageuka. Akafungua mdomo, akamwangalia babu yako. Babu yako aliangalia chini. Owiti akavaa kofia, akamshika mkewe mkono, wakaondoka wakikanyaga matope.

Hakuna aliyempelekea gari tena. Mwezi haukuisha, watu wakambomolea banda, wakagawana mabati. Nilipita nikaona nguzo nne zimesimama peke yake. Niliendelea na safari.

Babu yako alinunua mkanda mwingine, akaufunga yeye mwenyewe. Ule wa msumarini hakuugusa, na mimi sikuugusa. Nilipohamia hapa Pioneer nilihama na vitanda, sufuria, na mkanda. Kuutupa niliogopa, kuufunga niliogopa zaidi. Na babu yako mpaka tunamzika, miaka minne iliyopita, hakuwahi kunitamkia. Hata siku tulizogombana vibaya. Ningeomba anitukane.

Sasa Alhamisi iliyopita. Ulidhani nimepeleka pikapu kwa yule kijana wa hapa karibu. Sikumpelekea. Owiti yuko mjini, ana gereji nyuma ya soko, na mimi nimelijua hilo miaka kumi na moja. Umeuliza mara ngapi kwa nini nazunguka njia ndefu nikienda sokoni na magoti haya? Ndiyo hiyo sababu. Nilimwomba jirani aniendeshee, nikabeba ule mkanda ndani ya kiondo.

Amezeeka. Miwani imefungwa kwa uzi. Alikuwa ameinamia engine ya lori na mafundi wengine wanne wako hapo. Nikasimama. Akainua kichwa, akanitazama.

"Mama Rael," akasema. "Gari iko na shida gani?"

Jeruto, hakuna mtu amebaki duniani anayeniita hivyo. Waliolijua jina hilo wamekufa, na wengine waliliacha wasiniumize. Nikashika mlango wa lori.

Nilikuwa nimepanga nimwite kando. Lakini kule kaburini sikumwita kando. Kwa hivyo nikasema hapo hapo, kwa sauti ile ile, mafundi wakaacha kugonga. Nikasema, "Huyu mzee nilimwita mlevi na mwuaji. Alinipa mkanda mpya, nikautundika ukutani. Mtoto wangu alikufa kwa sababu yangu. Banda lake lilivunjwa kwa sababu yangu." Nikautoa mkanda kiondoni, nikauinua waone.

Owiti akapangusa mikono, polepole, kidole kwa kidole.

"Nilijua," akasema. "Ya msumari nilijua."

"Nani alikuambia?"

"Mzee wako. Alikuja wiki moja baada ya maziko, akakaa juu ya tairi, hapo nilikuwa nafunga mizigo. Akalia, Mama. Akaniambia yote. Halafu akasema, Owiti, nakuomba kitu kibaya. Usijitetee. Huyu mama akisikia watu wakisema, atakufa, na ndani ya nyumba kuna mtoto mchanga, baba yake yuko mbali kazini, hana mwingine wa kumlea."

"Na wewe ukakubali?"

"Mimi nilikuwa na mikono yangu. Mtoto alikuwa na wewe tu."

Nikainamisha kichwa. Mimi, huyu wa chifu na mchuuzi wa nyama. Yeye akauchukua ule mkanda mkononi mwangu, akaukunja kidogo tu, hivi, ukavunjika kama biskuti. Miaka ishirini na mbili haujazunguka hata mara moja, na umekufa hivyo hivyo. "Mpira unazeeka hata ukiwa umekaa," akasema. "Watu wanafikiri kazi tu ndio inaua." Halafu akasema, "Lete gari." Tangu Alhamisi msumari uko wazi, na wewe hujauliza. Umekuwa na adabu kuliko ulivyokuwa na miaka sita.

Aliniweka kwenye kigoda mbele ya boneti, akanifundisha kama ngumbaru. Nakuandikia yale niliyoyashika, na usinikunjie uso kwamba unayajua. Kuyajua nilikuwa nayajua hata mimi.

Mkanda wa feni ni miaka miwili, basi. Hata kama hauna ufa. Ukiubonyeza katikati kwa kidole gumba, uingie kiasi cha upana wa kidole. Ukiingia zaidi umelegea, na ukilia asubuhi ya baridi usiongeze sauti ya redio. Mipira ya maji ya rejeta, ibonyeze engine ikiwa baridi. Mpira ukilainika kama parachichi iliyoiva, umekufa. Ukikauka kama ngozi ya kiti, umekufa pia. Na ule wa chini watu huusahau kwa sababu hauonekani, kwa hivyo wewe anza na huo. Plagi toa zote nne pamoja, usiniletee habari ya moja imechoka. Zile pointi ndogo za ndani ya distribyuta huungua kidogo kidogo. Gari ikianza kukataa kuwaka alfajiri, umekwisha chelewa, zilitakiwa kutoka mwezi uliopita. Vumbi la huko bondeni litaziba chujio la petroli upesi kuliko hapa. Na kupanda kutoka Kerio hadi Iten, engine inachemka hata ikiwa na afya. Pale juu, kona baada ya kona, na mwanamke amelala kando yako, ndipo kitu kidogo huchagua kukatika.

Wewe uko na plasta za hospitali. Kata kipande, andika mwezi uliofunga mkanda, ubandike chini ya boneti. Mwezi ukifika, toa. Usiuangalie ukajiuliza kama bado ni mzuri. Utakuwa mzuri. Toa ukiwa mzuri. Mpya unaingia kwa engine, na ule uliotoa ndio akiba, unakaa chini ya kiti. Si msumarini. Owiti alinirudishia hilo mara tatu, mpaka nikamwambia mimi si kiziwi.

Na kama utakuwa na jambo la kumwambia mtu, la pole ama la ukweli, usiliweke likomae. Mimi langu liliniharibikia mkononi. Babu yako alikufa akiwa nalo, Mama Halima na watu wake walihama sijui wapi. Nimemkuta mmoja tu kati ya watatu. Sisemi zaidi ya hapo, hii si kanisa.

Nimekuwa na mpango, tangu nilipoanza kuandika, niikunje barua hii niifunge kwa kamba kwenye betri, chini ya boneti. Nikasema, akifungua boneti kabla ya kuwasha, ataisoma. Asipofungua, ipeperuke huko njiani, na nimemjaribu. Nilijiona mjanja. Sasa nimefika hapa nimeona ni ule ule msumari. Natafuta tena pa kutundika.

Kwa hivyo kesho asubuhi nitakutilia mkononi, hapo mlangoni, na nitasimama mpaka umalize, hata herufi zikuchukue saa nzima. Ukimaliza, kama bado ninaitwa Gogo, niite. Kama siitwi tena, ufunguo uko msumarini jikoni, hakuna kingine hapo. Sitakulilia, wala sitakuambia nilikulea vizuri ili tulipane. Kukulea kulikuwa ni deni langu mimi.

Kabla ya kutoka mjini, pita nyuma ya soko. Mkanda mpya ameufunga yeye mwenyewe Alhamisi, lakini alisema anataka kuukaza tena kidogo kabla ya safari. Usimwombe msamaha, huo ni wangu na nimeusema. Wewe shuka, simama pale akuone vizuri, hana macho mazuri, umwambie jina lako. Alinyamaza kwa ajili yako, na hajawahi kukuona.

Pasi imenyamaza. Nasikia unakuja. Naficha karatasi kwa usiku huu mmoja tu.

Mimi, mama wa Rael.